Gari Lililopiga Magoti Kiriaini

Sauti ndiyo iliyotangulia. Haikuwa ya pikapu, kwa maana pikapu ya mumewe, Theuri, Wangui aliijua kama alivyokijua kikohozi cha mwenyewe. Pikapu huanza kulalamika tangu darajani, hupanda mlima ikitaja mifupa yake mmoja baada ya mwingine, na hufika langoni imechoka kuliko ng'ombe iliyowabeba. Hii ilikuwa sauti nene, ya chini, yenye shibe, kama ya mtu mkubwa anayesafisha koo kabla ya hotuba ambayo hakuna atakayethubutu kuikatiza. Wangui alikuwa amechuchumaa zizini, ndoo katikati ya magoti. Akaacha kukamua. Ng'ombe naye akaacha kutafuna. Wote wawili wakageuza vichwa kuelekea langoni.

Kisha kitu kikavunjika.

"Ni nguzo tu," sauti ya Theuri ikasema huko nje. "Ilikuwa imeoza."

Haikuwa imeoza. Ilikuwa nguzo ya mwaka jana, na shimo lake alilichimba Wangui kwa mikono yake. Alipotoka zizini aliikuta imelala kwenye ua wa miiba, na juu yake limepita gari jeusi, refu, pana, V8 ya waheshimiwa wanaokwenda kuapishwa. Lilisimama kati ya zizi na nyumba yao ya mbao, na ghafla nyumba ikaonekana kama sanduku ambalo gari lililetwa ndani yake, likafunguliwa, likaachwa hapo lingoje kutupwa.

"Ni ya nani?" Wangui akauliza.

"Salamu kwanza, Mama Nduta."

"Salamu. Ni ya nani?"

"Yetu," Theuri akasema. Akaufuta mlango kwa kiwiko mahali ambapo hapakuwa na vumbi, akaongeza kwa sauti ndogo, "Kuanzia Jumatatu. Ukitia sahihi."

Theuri alikuwa dalali wa ng'ombe wa maziwa. Alinunua Nanyuki, akauza Mukurwe-ini na Othaya, na miaka kumi na mitano alikuwa amefanya biashara na Awil, mchuuzi wa mifugo wa Nanyuki, bila karatasi hata moja kati yao. Gari lilikuwa la Awil. Awil alitaka milioni moja na laki tatu. Akamwambia Theuri aende nalo, alale nalo, aamke nalo, kisha Jumatatu angekuja kuchukua jibu. Hakuomba arubuni. Aliomba tu aachiwe pikapu ili asikae bila miguu.

Na pesa zilikuwepo. Hilo ndilo lililomfanya Wangui aweke ndoo chini taratibu. Sacco ilikuwa na milioni moja na laki nne zao, akiba ya miaka saba ya maziwa na udalali, na kila shilingi ilikuwa na jina: nyumba ya mawe. Hazikuweza kutolewa bila sahihi mbili. Hilo lilikuwa shauri la Wangui mwenyewe siku ya kufungua akaunti, na Theuri siku hiyo alicheka akasema mke wake anamwogopa.

"Iko na kilomita ngapi?"

Theuri alitazama milima. "Laki nne."

"Laki nne na ngapi?"

"Na elfu kumi na nane."

Ieleweke kwamba ng'ombe akizaa, pembe yake hujichora pete, na dalali huhesabu pete hizo akajua ndama wangapi wamepita. Ndiyo sababu dalali mjanja hutembea na tupa mfukoni, ya kusugua pete zipungue. Theuri alikuwa na tupa. Ng'ombe kadhaa wa Othaya walikuwa na pembe laini kama vijiko kwa ajili ya tupa hiyo.

"Na Awil hajasugua hiyo namba?"

"Nilimuuliza. Ati ananiambia, Theuri, nani anasugua pembe ndiyo pete ziongezeke?"

"Kwa hivyo ni ukweli."

"Ni ukweli. Hiyo ndiyo inanitia wasiwasi. Sijawahi kununua kitu kwa mtu ananiambia ukweli."

Lakini sababu yake ilikuwa nyingine, na aliitoa akiwa amesimama wima kama aliyeikariri njia nzima. Wiki tatu zilikuwa zimebaki watu wa Kerugoya waje kuzungumza mahari ya Nduta, binti yao mkubwa, mwalimu. Walikuwa watu wa maduka matatu. "Mtu wa maduka tatu akikuta pikapu ya ng'ombe hapa, ataongea bei ya pikapu. Akikuta hii, ataongea akiwa amesimama."

"Na akiangalia nyuma ya hii, aone nyumba?"

"Nitaegesha mbele ya nyumba," Theuri akasema. "Nyumba haitaonekana."

Saa kumi na mbili mvua ikanyesha, na paa la jikoni likaanza kuvuja pale linapovuja kila mara, juu ya kiti cha Wangui. Theuri akamchukua yeye na sahani yake ya githeri, akawaingiza wote wawili garini. Akabonyeza kitu. Baada ya dakika kiti kikaanza kupata joto, chenyewe, kutoka ndani, kama mgongo wa mtoto aliyelala. Mgongo wa Wangui ulikuwa wa kukamua ng'ombe wanne mara mbili kwa siku, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza hali yake. Alikula polepole. Alipomaliza hakushuka. Mvua ilipiga juu yao na hakuna tone lililoingia.

"Unaona?" Theuri akasema.

Aliona. Ndilo lililomkera.

* * *

Jumamosi ilikuwa siku ya soko Karatina. Kituoni, kijana wa mafuta alimwita Theuri mheshimiwa, na Theuri, aliyezoea kuweka ya mia tano, akasikia mdomo wake ukisema elfu tano. Mshale ulisogea kama mtu anayejigeuza usingizini. "Ijaze, mheshimiwa?" Theuri akasema anataka kuacha nafasi.

Walimpelekea fundi wao, Ndungu, mtu wa maneno machache ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameiweka pikapu hai kwa waya na subira. Ndungu alizunguka V8 mara mbili. Akaingia chini, akakaa sana. Alipotoka alifuta mikono kidole kwa kidole.

"Ni gari nzuri sana," akasema.

"Nilikwambia," Theuri akamwambia Wangui.

"Ni gari nzuri ya mtu mwingine."

Akawaeleza. Gari hili halikusimama kwa springi kama gari la binadamu. Lilisimama kwa upepo, mifuko minne ya hewa, na mmoja wa nyuma ulikuwa unavuja. Injini ilikuwa nzima, ilimwaga mafuta kidogo tu, kama mzee anayedondokwa na chai. Giaboksi ilifikiri kabla ya kutenda. Mfuko mmoja wa hewa ulikuwa laki moja na nusu, ukipatikana.

"Na usipopatikana?" Wangui akauliza.

"Inakaa chini."

"Inakaa chini namna gani?"

Ndungu alitafuta neno. "Kama ngamia," akasema, na hakutaka malipo, jambo lililomtisha Wangui kuliko yote aliyosema.

Sokoni aliyemuuzia vitunguu kila juma kwa themanini alimwambia mia na hamsini. Wangui akadhani hakusikia. "Mama Watiri, ni mimi."

"Najua ni wewe," Mama Watiri akasema kwa upole, macho yakiwa pale gari lilipofunga njia ya mikokoteni. "Mungu amekukumbuka. Acha na sisi atukumbuke kupitia kwako."

Upande wa mifugo Theuri naye alikuwa ameona mtamba mzuri, wa bei ya elfu sabini kwa jicho lolote la kweli. Mwenyewe akamwambia laki moja na arobaini bila kupepesa. Theuri alirudi garini bila mtamba. Hata hivyo, alikuwa ameitwa mheshimiwa mara tisa, naye alikuwa akizihesabu.

* * *

Jumapili ilibidi waende Kiriaini. Huwezi kukaribisha watu wa mahari ya binti bila babu yake upande wa mama kupewa habari kwa mdomo. Wangui alisema wapande gari la abiria. Theuri alisema amengoja miaka ishirini na tatu aingie kwa wakwe zake na kitu kinachozidi harufu ya ng'ombe.

Waliwakuta wazee njiani, wakitembea kutoka kanisani: Moffat, babake Wangui, miaka themanini na minne, fimbo na koti la suti, na nyuma yake hatua kumi mkewe Wakiuru akiwa na Biblia kichwani kukinga jua. Theuri akashuka, akawafungulia milango. Moffat akaketi mbele. Wakiuru akapanda nyuma.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza, kwa maana mkwe wa kiume wa huko hamtazami mama mkwe usoni. Humsalimia akiangalia viatu, naye humjibu akiangalia ukuta, na heshima ikadumu. Sasa Theuri aliketi nyuma ya usukani, akainua macho, na macho ya Wakiuru yote mawili yakawa yamejaa kwenye kioo. Theuri akakigeuza kioo kikatazama dari. Akaendesha hivyo, bila kujua kilichoko nyuma yake, kilomita nzima, huku pikipiki zikipiga honi na Moffat akiwapungia mkono waumini mmoja mmoja, kama mtu aliyepata haki yake baada ya kesi ndefu.

Nyumbani walipewa chai na ndizi. Gari liliegeshwa mbele ya mlango wazi, likichukua mwanga wote. Moffat alisikiliza habari za Kerugoya hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa kwa furaha, akakoroga sukari.

"Hiyo gari ni yako?"

Palikuwa na nafasi, fupi lakini ilikuwepo, ambapo ukweli ungeuzwa kwa bei rahisi. Wangui aliiona. Theuri naye aliiona, akaiacha ipite.

"Ni yangu, Baba."

Wangui akatazama ndani ya kikombe.

"Mungu ni mwema," Moffat akasema. "Basi mimi nimekukosea sana, mwanangu. Nataka unisamehe."

"Umenikosea nini, Baba?"

"Miaka ishirini na tatu nimekuhurumia."

Aliweka kijiko chini. Alizungumza bila haraka, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisa. "Mlikuja hapa na mbuzi kumi na mmoja. Babako, Mungu amlaze, akasema zingine zitakuja ng'ombe zikianza kukamuliwa. Kondoo mnono, ile ngoima, ikabaki. Blanketi ya mama ikabaki. Tangi yake ya maji ikabaki. Kila mwaka ndugu zangu wananiuliza, Moffat, yule kijana wa Mukurwe-ini ng'ombe zake hazijazaa? Nawaambia, muacheni, hamuoni pikapu yake? Mtu wa pikapu kama ile haombwi kitu. Huyu mama hapa anauliza tangi. Namwambia, ngoja, mvua si bado inanyesha? Kumbe."

Kuku aliingia, akaona hali, akatoka.

"Kwa hivyo," Moffat akaendelea, "hao wa Kerugoya uwaambie wasisumbuke kuja kwako. Waje hapa. Unajua desturi. Wangui bado ni wa hapa, hujamaliza. Na mtoto wa Wangui ni wa Wangui. Mahari ya Nduta tutaipokea sisi. Tutakuita, usijali. Utakaa na wageni."

Theuri alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa hakikutoka kitu cha mheshimiwa. "Baba. Gari si yangu."

"Si yako?"

"Ni ya Awil wa Nanyuki. Nimepewa nijaribu."

"Na sasa hivi umesema ni yako."

"Nilisema... itakuwa."

"Nimekuelewa," Moffat akasema, akanywa chai. "Ya kusifiwa ni yako. Ya kudaiwa ni ya Awil."

Wakati huo huo, nje, gari likapumua. Ilikuwa pumzi ndefu, nyembamba, ya kuchoka na dunia. Wote wakageuka. Sehemu ya nyuma ilikuwa inashuka, taratibu na kwa heshima, bampa ikatafuta nyasi, ikaketi. Pua ikabaki juu, ikiangalia mlangoni kama mnyama anayeomba msamaha.

Wakiuru, ambaye katika miaka ishirini na tatu hakuwa amemwambia mkwewe zaidi ya habari na karibu, alizungumza akiutazama ukuta.

"Angalau gari iko na adabu," akasema.

Ilichukua nusu saa ya kunguruma gari likubali kusimama tena, na nusu saa ilitosha kijiji kizima kuja kulitazama na kutoa ushauri. Mmoja alileta jeki ya trekta. Mwingine alishauri lipewe chumvi.

* * *

Walikuwa wamefika karibu nusu ya njia ndipo Wangui aliposema.

"Mimi niko na kilomita ngapi?"

Theuri alijua swali la kutojibiwa akilisikia. Akarekebisha kioo.

"Gari ya laki nne na elfu kumi na nane umeipatia milioni na laki tatu siku moja. Siku moja, Baba Nduta. Mimi umenitembeza miaka ishirini na tatu, na ile tangi ya mama yangu haijawahi kukujia hata kwa ndoto. Na mimi sijawahi kukaa chini mbele ya watu."

"Hukuwahi kuniuliza."

"Nilikuwa nakulinda. Harusi zikiwa kwetu, wakwe waliomaliza mahari wanaitwa mezani kukata nyama. Wewe wanakuita kubeba viti. Umewahi kujiuliza kwa nini?"

Theuri alifikiri. "Nilidhani ni kwa sababu niko na nguvu."

Wangui aligeukia dirisha. Alitaka kulia, lakini akacheka, na hilo likamkasirisha zaidi. Miaka yote alikuwa amewaambia dada zake kwamba mambo ya mbuzi ni ya zamani, kwamba yeye na mumewe ni watu wa kujenga. Alikuwa amelisema mara nyingi mpaka likawa kama lake. Leo alikuwa amemsikia babake akisema "bado ni wa hapa", na kitu kifuani mwake kikasimama na kuitika, kama mtu aliyeitwa jina kwenye foleni ambayo alishasahau kwamba yumo.

"Kesho sitii sahihi," akasema.

"Wacha Awil aje tuongee."

"Ongea naye. Kalamu ni yangu."

Kiti kilikuwa na joto. Akatafuta mahali pa kukizima, hakupaona, akakaa hivyo hivyo mpaka nyumbani, amekasirika na mgongo wake umestarehe.

* * *

Awil alifika saa tatu asubuhi, na pikapu ikatangaza kuja kwake tangu darajani. Alishuka akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, kanzu imepata doa la samadi, na uso wa mtu aliyetoka likizo. Alisalimia kila mtu, akauliza habari za ng'ombe kwa majina yao, akakataa kiti.

Wangui alikuwa ameweka fomu ya sacco mezani pale uani, na juu yake jiwe ili isipeperuke. Hakuwa ameitia sahihi. Aliiweka tu ili Theuri aione haijatiwa.

"Awil," akasema, "kabla hujaongea na huyu, niambie mimi. Kwa nini unauza?"

"Mama Nduta, nitakuambia kama dada yangu." Awil alilitazama gari kwa huzuni isiyo na mapenzi. "Nilinunua hii nikapata heshima. Zeynab wangu nyumbani akafurahi, mashemeji wakafurahi. Tangu siku hiyo sijawahi kununua mbuzi kwa bei ya mbuzi. Nikifika Dol Dol wananiona kwa vumbi nikiwa mbali bado, na wakati nafika wameshaongeza elfu mbili kila kichwa. Msikiti ukitaka zulia, mimi. Mtu akiumwa usiku, mimi, na mafuta yangu. Hii gari inakula kuliko ngamia kumi, na ngamia angalau utachinja."

Theuri alianza kukohoa. Awil akainua mkono.

"Ngoja. Sasa hizi siku tatu nimetembea na pikapu yako." Sauti yake ikashuka kama ya mtu anayetaja neema. "Hakuna mtu alinisalimia. Hakuna. Nilinunua mafahali kumi na tisa kwa bei sijaona tangu nikiwa kijana. Mzee mmoja alinihurumia, akanipa chai. Theuri, mimi sitaki milioni yako. Nipe pikapu. Chukua gari. Tupeane mikono, yaishe."

Wangui alisikia moyo wake ukianguka taratibu, kama lile gari.

Kwa maana sasa hakukuwa na kitu cha kutiwa sahihi. Pikapu ilikuwa ya Theuri peke yake, jina lake kwenye kitabu cha gari. Angeweza kuipeana hapo hapo na kalamu ya Wangui ikabaki kalamu. Wangui angeweza kusema. Alikuwa na maneno, mengi, yamepangwa tangu jana. Akayaweka. Akainua jiwe, akaikunja fomu, akaishika mapajani, akamtazama mumewe tu. Alitaka kujua mtu aliyemwoa angefanya nini akiwa hana wa kumzuia.

Theuri alilizunguka gari. Aliweka kiganja juu ya boneti kama mtu anavyopima ng'ombe, nyuma ya bega. Aliinama akatazama mfuko wa hewa. Akafungua mlango, akanusa ngozi ya viti, akaufunga, na mlango ukatoa ule mlio wa siagi ambao pikapu isingeutoa hata ikizaliwa upya. Wangui alimwona akifumba macho kuusikia. Alimhurumia, kwa kweli. Alijua hakuna mtu atakayemwita mheshimiwa tena, na kwamba mara tisa ni nyingi kwa mtu aliyekaa miaka hamsini bila hata moja.

"Bila kuongeza pesa?" Theuri akauliza.

"Bila hata shilingi."

"Pikapu haina reverse siku ya mvua."

"Nitaenda mbele."

Theuri akazunguka tena. Safari hii alisimama upande wa nyuma, mahali ambapo bampa ilikuwa bado na nyasi za Kiriaini. Akazitoa, jani moja moja, akazikusanya mkononi.

"Mtu akinipa ng'ombe kwa bei ya mbuzi," akasema mwishowe, polepole, kwa sauti yake ya sokoni, "mimi huuliza ng'ombe anakula nini. Hii nimeshaona anakula nini. Inamla mwenyewe." Akatoa ufunguo mfukoni. Akauangalia. Akaupeana haraka, kama mtu anayeng'oa jino. "Hapana, Awil. Rudisha yangu."

Awil alipumua, akapokea. Hakuwa na hasira, alikuwa tu na majonzi ya mtu aliyerudishiwa mgonjwa wake.

"Lakini usiende bado," Theuri akasema. "Uko na kondoo dume mnono? Wa kuhasiwa, asiye na alama?"

"Wa mtu wa V8 au wa mtu wa pikapu?"

"Wa pikapu."

"Elfu kumi na nane."

"Kumi na nne."

"Ni wa nini?"

Theuri alimtazama Wangui, kisha akatazama viatu vyake. "Ni wa huyu," akasema. "Alibaki."

"Basi kumi na nne," Awil akasema kwa upole, "na nitakuchagulia mwenyewe."

Wangui aliikunjua fomu. Pale pa kiasi aliandika laki mbili. Alifikiri mbuzi, blanketi, tangi la lita elfu tano na mabomba yake, akaona zitatosha na nyumba ya mawe itapungukiwa dirisha moja au mawili. Akatia sahihi kwa herufi kubwa, akampa Theuri kalamu. Theuri akatia yake. Halafu akatoa simu, akampa.

"Pigia babako. Niongee naye sasa, kabla sijawa mtu mwingine."

Simu ililia sana. Wangui akaiweka sauti ya juu, akaishika kati yao.

"Nani?" Haikuwa sauti ya Moffat. Ilikuwa ya Wakiuru, na nyuma yake ndoo ilikuwa ikiwekwa chini.

Theuri akarudi nyuma hatua moja. Akamwashiria Wangui aseme yeye. Wangui akatikisa kichwa, akamsogezea simu mdomoni. Awil, mtu wa adabu, akageuka akaanza kusoma namba ya pikapu.

"Nani huyo?"

"Ni Theuri, Mama."

Theuri alikuwa amefumba macho, jasho limemtoka kwenye paji, na alipozungumza alizungumza kwa nguvu, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde.

"Mama, Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa kwako na wazee wetu. Nitakuja na kila kitu kilibaki, cha Baba na chako, na hiyo tangi nitaiinua mimi mwenyewe, niifunge mpaka maji yaingie. Na sitaondoka hapo mpaka wewe useme, kwa mdomo wako, kwamba sasa Wangui ni wangu."